Gunia la Kilo Hamsini

Nakuru,
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwalimu wangu Kihara,

Nimekupigia simu mara tisa tangu Ijumaa. Kabla ya mara ya kumi nikaamua kwamba mtu aliyezima simu kwa makusudi hustarehe akijua watu wanamtafuta, nikaacha. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Sitati, dereva wa viazi, anapanda Kuresoi kesho na lori tupu kuchukua viazi, na amekubali kuwa posta yetu kwa sharti moja, kwamba tusimhusishe kwenye ugomvi.

Ulitoka mkutanoni bila neno. Wewe, ambaye hukosoa hata sala ya kufungulia kikao. Mwenzetu Dalmas aliniuliza kama umeugua. Nikamwambia umekasirika tu, naye akasema basi yu mzima.

Nataka niseme wazi mambo yalivyo, maana nadhani hukukaa kuyasikia yote. Shahada yetu ya ununuzi na ugavi inaandikwa upya ili ifundishe ugavi wa kidijitali. Kila mhadhiri anajaza fomu ya mtandaoni kueleza somo lake litabadilika vipi. Mwisho ni Ijumaa, tarehe 29 Agosti. Somo ambalo fomu yake haijaingia litafutwa, na wewe una somo moja tu, Usimamizi wa Ghala. Likifutwa, chuo kitakustaafisha ukiwa na miaka hamsini na saba na ulimi ambao bado una makali yake.

Kanuni hiyo niliiandika mimi, nikiwa mkuu wa idara. Siwezi kuivunja kwa ajili yako, maana kesho kutwa kila mtu atataka avunjiwe. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, na sitaki niwe mtu aliyekufungia mlango.

Jaza fomu, Mwalimu. Kisha rudi unitukane vizuri.

Wako,
Cherop

*

Kuresoi,
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Daktari Cherop,

Barua yako imefika ikinuka dizeli na vitunguu. Sitati ameketi hapa anakunywa chai ya mke wangu na kujifanya haoni ninavyoandika. Nyakio anakusalimia. Anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu Pasaka. Ameona mwandiko tu.

Umeniambia mambo yalivyo. Ngoja nami nikuambie yalivyo.

Nimeusoma huo mtaala mpya, kurasa sitini na nne. Neno "data" limo mara mia mbili na kumi na moja. Nimehesabu kwa penseli. Neno "mizani" halimo hata mara moja. Neno "panya" halimo. Mnataka kumpa kijana shahada ya kupeleka mizigo, na katika miaka minne hataguswa na vumbi la gunia wala hataona mahindi yaliyoota kuvu kwa sababu mtu aliyapanga ukutani bila kuacha nafasi ya hewa. Atajua kuchora mshale kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, na juu ya mshale ataandika "usafirishaji". Ule mshale ni Sitati. Ule mshale una mgongo unaouma na watoto watatu.

Mnawaita wageni kutoka Nairobi wawaambie wakati ujao ukoje. Wageni hao wameuona wakati ujao kwenye projekta. Kila baada ya miaka kumi huja na jina jipya la kazi ileile, na kila mara jina likibadilika mtu mmoja aliyejua kitu hutolewa nje. Nimeona wakipita na "ubora kamili", nikaona wakipita na "mapinduzi ya mchakato". Sasa ni zamu ya kidijitali. Nitakaa huku nipalilie viazi mpaka nayo ipite.

Kwa hiyo sitajaza fomu. Ni suala la msimamo. Waambie hivyo.

Na wewe kula.

Kihara

*

Nakuru,
Jumatano, 13 Agosti 2025

Mwalimu,

Nimecheka kwa panya, halafu nikakasirika, na barua hii naiandika nikiwa bado katika hali ya pili.

Umehesabu "data" mara mia mbili na kumi na moja. Nikusaidie na hesabu nyingine. Mwaka jana tulitoa wahitimu sitini na watatu. Wale walioajiriwa kwenye mashamba ya maua Naivasha walifundishwa kazi upya tangu mwanzo, kwa sababu sisi tuliwafundisha kujaza kadi za ghala kwa mkono, na hakuna ghala pale lenye kadi. Mmoja alinipigia simu akaniuliza, "Madam, miaka minne tulikuwa tunafanya nini?" Wewe ungempa jibu zuri sana, lenye mifano, na bado asingejua kufungua mfumo wa kazini kwake.

Sikukatai. Nakumbuka ulivyotupeleka Kariandusi mwaka wa kwanza. Ulitufungia ndani ya ghala la unga mweupe wa mgodi, wanafunzi kumi na mmoja, ukasema tuhesabu magunia. Tulitoka tumefanana na mizimu, na kila mmoja alikuwa na idadi yake. Ukatutazama ukasema, "Sasa mmejua kwa nini somo hili lipo." Mimi nilichagua kazi hii siku ile, nikiwa na unga kwenye nyusi. Nataka mtoto wa mwaka wa kwanza mwezi ujao akutane na mtu huyo. Hatakutana naye kama mtu huyo yuko Kuresoi anashindana na fomu.

Mfano mkuu wa mtaala wetu, ule tutakaoionyesha bodi ya chuo, uko hapo hapo ulipo: mfumo wa viazi tuliouwekea ushirika wenu mwezi Juni. Karani anaandika idadi ya magunia kwenye simu, mfumo unakadiria uzito, unachagua lori, unapanga safari. Nenda ukautazame kabla ya kuutukana.

Nimempa Sitati kompyuta ya idara akuletee. Fomu iko tayari kwenye skrini ya kwanza. Ni jambo la dakika arobaini tu, hata mtoto anaweza. Sasa hutakuwa na kisingizio.

Wako kwa hasira na mapenzi,
Cherop

*

Kuresoi,
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Dkt. Cherop,

Kompyuta yako nimeirudisha kama ilivyokuja. Haijakwaruzwa.

Futa somo.

P. Kihara

*

Kuresoi,
Jumanne, 19 Agosti 2025

Cherop mwanangu,

Ni mimi Nyakio. Mzee hajui kwamba naandika, na naomba abaki bila kujua. Sitati ameahidi, ila ameniambia hii posta imeanza kuwa na siri nyingi kuliko lori lake.

Niliona barua yake ya mwisho ikienda, mistari miwili. Kihara haandiki mistari miwili hata kwenye kadi ya rambirambi. Kwa hiyo nakueleza.

Ile kompyuta aliiweka mezani siku nzima. Alivaa shati safi. Alinawa mikono. Ilipowaka ikadai neno la siri, akaandika, ikakataa. Ulikuwa umemwekea karatasi yenye lile neno, lakini hakujua herufi kubwa inaandikwaje. Hakuniuliza, wala nisingejua. Jioni akaifunika kwa kitambaa cha kochi kama mtu anayefunika maiti.

Mwanangu, yule mtu hajui. Miaka yote hii Wanyoike, mwandishi wenu wa idara, ndiye aliyekuwa akimchapia kila kitu. Alama za wanafunzi, mitihani, hata barua pepe unazodhani alikuandikia yeye. Kihara alikuwa anaandika kwa kalamu, Wanyoike anachapa, wanakunywa chai. Wanyoike akastaafu mwezi wa nne. Tangu hapo mzee wangu anatoka nyumbani kwenda kazini kama mtu anayekwenda kortini.

Hayo ya msimamo ni kweli pia. Anayaamini. Lakini siyo yanayomzuia.

Kila asubuhi sasa anakwenda kwenye kituo cha kukusanya viazi. Anasema anakagua. Becky, yule karani wa ushirika, ameniambia mzee anaketi kando yake na daftari la mazoezi la shule, anaandika kila anachofinya kwenye simu. Juzi alimwambia, "Mzee, usifinye hapo, utawafuta wakulima wote." Akatoa mkono kama ameungua. Lakini kesho yake alirudi.

Sitaki umhurumie. Akijua unamhurumia atahama nchi. Fanya unavyojua.

Mama Shiko

*

Kuresoi,
Ijumaa, 22 Agosti 2025

Daktari,

Nilikusudia nisiandike tena, lakini hili haliwezi kungoja.

Jana lori la Sitati lilipakiwa kwenye kituo kwa kufuata mfumo wenu. Mfumo ulisema lori ni la tani saba, kwa hiyo libebe magunia mia moja na arobaini. Sitati akasema huwa anabeba themanini, na themanini yanamtosha. Mwenye lori akamwambia kwa simu, "Wewe endesha, kompyuta imepiga hesabu." Akaendesha.

Kwenye mteremko wa Sachangwan breki zilianza kutoa moshi. Aliingiza gia ndogo, akateremka akiomba Mungu kwa Kibukusu, na akafika Salgaa lori likiwa bado lina magurudumu yote. Pale akapaki kando ya vibanda vya chakula, mama muuza chapati akampa kikombe cha chai. Akashusha nusu ya mzigo hapo hapo. Madereva wenzake walimzunguka wakimuuliza amebeba viazi au mawe. Akawajibu, "Simu inasema ni tani saba. Breki zinasema kumi na mbili. Nimeamini breki."

Yu mzima. Ameniletea habari mwenyewe asubuhi hii, na barua hii anaibeba yeye, lori likiwa tupu.

Nilikwenda kituoni. Nikamwambia Becky anionyeshe pale mfumo unapopata uzito. Alinionyesha. Idadi ya magunia mara kilo hamsini. Hamsini, Cherop. Huku Kuresoi. Toka mkoloni aondoke kwenye mashamba haya hakuna mtu wa milima hii aliyejaza gunia likaishia mdomoni. Wanajaza, wanashonea wavu juu, wanajaza tena mpaka livimbe kama mtu aliyevaa kilemba. Ndiyo maana linaitwa mukurino, kama wale waumini wavaa vilemba. Nimepima kumi leo kwa mizani ya zamani ya ushirika, na hakuna hata moja lililopungua kilo themanini na tano. Becky anajua. Sitati anajua. Mbuzi wa hapa anajua. Mfumo haujui.

Kuna mtu aliketi kwenye kiti, mbele ya dirisha lenye pazia, akaandika hamsini. Nataka jina lake. Si mgeni wa Nairobi? Nitafutie. Nitamwandikia barua itakayochubua rangi ukutani.

Kihara

*

Nakuru,
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mwalimu,

Ni mimi.

Hakuna mgeni wa Nairobi. Niliandika hamsini kwa mkono wangu, mezani kwangu, na pazia lilikuwepo.

Wala usinitetee kwa kusema sikujua. Mimi ni mtoto wa Kuresoi. Mama yangu ana alama ya sindano ya gunia kwenye kidole gumba, nami nilimshikia wavu akishona tangu nikiwa darasa la tatu. Najua mukurino lina uzito gani, limewahi kuniangukia.

Mfumo ulitaka nambari moja. Sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo hamsini. Nilijua kwamba nikiandika tisini, bodi itauliza kwa nini, nami itanibidi nisimame mbele ya watu wale niseme kwamba kwetu sheria haifuatwi, kwamba madalali ndio huamua gunia liwe na ukubwa gani, na wakulima hushona. Niliona aibu. Nikaandika jinsi gunia linavyotakiwa kuwa. Na skrini ilipendeza sana, Mwalimu, kila kitu kikajumlishika.

Sitati amekaa ofisini kwangu saa nzima. Nimemwomba msamaha. Akasema, "Daktari, mimi ningeandika pia hamsini kama ningekuwa na kiti kizuri hivi." Kisha akauliza kama kuna mandazi. Nililia baada ya yeye kutoka.

Leo nimesimamisha mfumo. Kesho nitawaandikia wajumbe wote wa kamati ya mtaala kwamba mfano mkuu wa mtaala wetu una kosa, na aliyelifanya ni mwenyekiti wao. Huenda wakaniondoa kwenye uenyekiti. Sawa.

Lakini nina ombi, na siombi kwa ajili ya somo lako tena, naomba kwa ajili ya mtaala. Hakuna mtu katika idara nzima ambaye angekwenda kupima magunia kumi. Mimi sikwenda. Niandikie jinsi ya kufundisha hilo. Kanuni inasema fomu iingie kufikia tarehe 29. Haisemi ichapwe na nani. Andika kwa kalamu, kwa urefu unaotaka, mpe Sitati, na mimi nitaiingiza mwenyewe. Nachapa haraka, na chai ipo.

Cherop

*

Kuresoi,
Jumatano, 27 Agosti 2025

Cherop,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta mahali pa kukasirika. Nilipopata, palikuwa padogo mno hata kuweka mguu.

Ile barua ya kuchubua rangi nilikuwa nimeshaiandika, kurasa nne. Nimemwonyesha Nyakio akawashia jiko.

Sasa sikiliza. Wewe umesema lako, na mtu akisema lake mbele yangu siwezi kukaa nimefunga mdomo kama mwenye heshima zake. Siku ile mkutanoni sikutoka kwa hasira. Ulisema kila mtu afungue fomu, ukurasa wa tatu. Wote wakainama. Dalmas, ambaye ni mkubwa kwangu, akainama. Mimi sikujua hata ukurasa wa kwanza uko wapi. Bravin, yule mhadhiri mpya, alikuwa kando yangu, akaanza kugeuka anisaidie. Nikasimama nikaondoka kabla hajaona skrini yangu. Hilo la msimamo nililitunga njiani, karibu na Njoro. Nilipofika Molo nilikuwa nimeliamini.

Umesema "chai ipo". Mtu mmoja ndiye aliyekuwa akinichapia kwa chai. Kwa hiyo kuna mtu amekuambia, na nikitazama jikoni naona mgongo wake tu, anajifanya anachambua maharagwe. Simlaumu. Mwaka wa thelathini wa ndoa huu, na bado ananisomea makosa kabla sijayafanya.

Lakini sitaki unichapie. Wanyoike alinipenda akanichapia miaka kumi na tisa, na angalia aliponiacha.

Somo limeambatana na barua hii, kurasa sita. Kwa kifupi, wiki nne za kwanza hakuna kompyuta. Kila mwanafunzi anapima, anabeba, anahesabu, anakosea. Baadaye anaketi mbele ya mfumo na kazi yake ya kwanza ni kutafuta ni wapi mfumo unasema uongo, nani alisema uongo huo, na kwa nini mtu mwaminifu alidhani ni lazima. Swali hilo la mwisho ndilo zito. Nimeweka mukurino kama mfano. Jina lako sikuliweka. Ukitaka uliweke mwenyewe.

Hii nakala ya kalamu ni yako. Ile ya mtandaoni nimeiingiza mimi, jana, kwa simu ya Becky. Ilituchukua saa tano. Nilimfuta mkulima mmoja, tukamrudisha. Becky alisema maneno ambayo sitayaandika. Angalia kama imefika, maana ilinitokea alama ya kijani, nami sijui kama kijani ni ndiyo au ni mapambo.

Kihara

*

Nakuru,
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Mwalimu wangu,

Kijani ni ndiyo. Ilifika ikiwa na aya zote mahali pamoja bila nafasi hata moja, na jina lako kwenye sehemu ya tarehe ya kuzaliwa. Ndiyo fomu nzuri kuliko zote nilizopokea.

Kamati imekaa jana. Niliwasomea kuhusu hamsini, nikiwa nimesimama, nikaliweka jina langu. Dalmas akasema yeye ana nambari tatu za namna hiyo kwenye somo lake la usafirishaji, na kabla ya chai kila mtu alikuwa na yake. Uenyekiti bado ni wangu, sijui kama ni heshima au adhabu.

Somo lako limepita. Linabaki kwako, na sasa ni la lazima kwa mwaka wa kwanza.

Kuna sharti moja, na limepigiwa kura, kwa hiyo usiniandikie kurasa nne. Kila mhadhiri wa shahada hii lazima apite mafunzo ya mfumo, wiki sita, na afanye mtihani mwishoni kama mwanafunzi. Anayefeli hatafundisha muhula wa pili. Mwalimu wa mafunzo hayo ni mimi. Sitakubeba, na unajua sitakubeba, maana uliyenifundisha kutobeba watu ni wewe.

Tunaanza Jumatatu tarehe 15, saa tatu asubuhi. Sitati anateremka Jumapili na magunia themanini. Amesema ana nafasi ya abiria mmoja, asiye na hotuba.

Njoo.

Cherop

*

Kuresoi,
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Cherop,

Barua hii itafika pamoja na mwandishi wake, kwa hiyo nimeiandika tu ili niseme jambo moja ambalo usoni sitaliweza.

Nitakuja. Nitaketi mstari wa mbele, maana macho nayo yameanza kunisaliti. Nitakuwa mzee kuliko wote darasani isipokuwa Dalmas, nitauliza maswali ya kijinga, na huenda nikafeli; nikifeli andika kwamba nimefeli.

Lakini wewe umenijua miaka ishirini na miwili, na kila mara uliponiona nimekunja uso ulidhani ninakupinga, ukajiandaa kupigana. Mara nyingi ulikuwa sahihi. Mara nyingine sikuwa nakupinga hata kidogo.

Kwa hiyo Jumatatu, ukinitazama ukaona nimekunja uso, usijibu. Sijaelewa tu. Rudia.

Mwanafunzi wako,
Kihara